Kabla ya Vitunguu

Vitunguu vilipogusa mafuta tu, Bwana Chumvi alimwachia Dada Sinia mwiko, akatoka kwa mlango wa nyuma na kuushika ukuta. Aliinama pale penye mitungi ya gesi, machozi yakimtoka, tumbo likipanda na kushuka, lakini hakikutoka kitu ila mate machungu. Ndani alisikia mafuta yakichachatika na Dada Sinia akivigeuza vitunguu kwa mkono mzito kuliko wake. Alifuta mdomo kwa pembe ya aproni, akavuta pumzi, akarudi.

"Leo tena?" Dada Sinia aliuliza bila kugeuka.

"Moshi tu."

"Moshi gani, kaka, na gesi haina moshi? Ungekuwa mwanamke ningeshakuuliza una miezi mingapi."

Bwana Chumvi alicheka kidogo, akapokea mwiko wake. Kucheka kwenyewe kulikuwa jambo. Miezi michache tu nyuma asingecheka hata angetekenywa.

Kantini ile ililisha mafundi wa karakana ya malori, watu wenye grisi hadi viwikoni na njaa isiyo na adabu. Jina la Bwana Chumvi walimpa wao, kwa sababu katika miaka yote aliyowapikia hakuna aliyewahi kunyoosha mkono kuchukua kopo la chumvi lililokaa mezani kama pambo. Dada Sinia naye walimwita hivyo kwa ajili ya rundo la sinia alizoosha kila siku, akiimba kwa sauti mbaya ambayo hakuna aliyethubutu kuisema.

Ugonjwa ulimjia Bwana Chumvi bila hodi. Hakufiwa, hakufukuzwa kazi, hakugombana na mtu. Aliamka asubuhi moja, akavaa kiatu kimoja, akabaki ameketi kitandani na cha pili mkononi mpaka mkewe aliporudi kutoka sokoni. Baada ya hapo kila kitu kilikuwa kizito, hata kijiko. Aliendelea kwenda kazini kwa sababu miguu iliijua njia, lakini chakula kikawa chapwa. Kisha siku moja fundi wa breki akanyoosha mkono, akalichukua kopo la chumvi. Meza nzima ilimgeukia, na fundi mwenyewe aliona haya kuliko mtu aliyeiba.

Mkewe, mshona mapazia mwenye maneno machache, hakungoja zaidi. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," alimwambia, akamshika mkono kama mtoto na kumpeleka kliniki. Daktari aliutaja ugonjwa kwa jina lake, sonona, akampa vidonge. Alimwonya pia kwamba siku za mwanzo tumbo lingeweza kuleta ukaidi, ila mara nyingi hutulia lenyewe.

Na vidonge vilifanya kazi, hilo Bwana Chumvi hakulikana. Polepole viatu vyote viwili vilianza kuvaliwa. Asubuhi moja alijisikia anapiga mluzi mbele ya chungu, akashtuka, akatazama nyuma kuona ni nani. Alipogundua ni yeye mwenyewe, alitaka kulia kwa furaha, akajizuia asije akayatia maharage machozi.

Lakini tumbo! Kila asubuhi, kidonge kikishatua, kichefuchefu kilimpanda mpaka kooni. Siku nyingine tumbo lilimwendesha, akawa mgeni wa kudumu wa choo cha wafanyakazi. Harufu ya vitunguu, ambayo kwake ilikuwa harufu ya nyumbani, ikawa adui. Daktari alisema litatulia, yeye akaona linazidi.

Siku ile ile ya mitungi ya gesi, msimamizi wa kantini alimwita pembeni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anazungusha funguo kidoleni, kama afanyavyo akiwa na neno asilolipenda.

"Bwana Chumvi, mimi nakuheshimu. Lakini nimekuona nyuma ya jiko, na si mara moja. Mpishi anayetapika hasimami kwenye chungu cha watu. Wiki hii ikiisha na bado uko hivi, itabidi ukae nyumbani nitafute mtu."

"Nimekuelewa," alisema Bwana Chumvi. Na kweli alielewa. Angekuwa yeye msimamizi, angesema hivyo hivyo.

Basi akawa na njia mbili, kazi au vidonge. Alifikiri huku akichambua mchele, na kabla mchele haujaisha alikuwa amechagua kazi. Nimepona vya kutosha, alijiambia. Mluzi umerudi, mengine nitayamalizia mwenyewe. Ila hakuvitupa vidonge. Mtu wa jikoni hatupi kitu kizima, hata ganda la karoti lina supu yake. Aliamua kuvirudisha kliniki ili apewe mwingine mwenye tumbo la chuma.

Alipompigia mkewe kumwambia kwamba angepitia kliniki baada ya kazi, hakusema anakwenda kufanya nini. Hakujua kudanganya, alijua kunyamaza tu. Huko kliniki alimkuta mkewe ameshafika, ameketi kwenye benchi la ukumbini, nyuzi za pazia zimemganda kwenye sketi.

"Ulidhani utakuja peke yako?" mkewe aliuliza, akamsogezea nafasi.

Nesi waliyeingia kwake alikuwa yule yule wa mara ya kwanza, mwenye miwani iliyofungwa uzi pembeni. Bwana Chumvi hakukaa. Alitoa pakiti ya vidonge mfukoni, akaiweka mezani taratibu.

"Nimezirudisha dawa, nesi. Zimenisaidia, nashukuru sana, lakini tumbo langu limezikataa. Mpeni mwenzangu anayezihitaji."

Mkewe aliitazama ile pakiti, kisha akamtazama yeye.

"Unarudisha?"

"Mke wangu, nitapoteza kazi."

"Unarudisha dawa, mume wangu, na mimi hujaniambia?" Sauti yake ilikuwa ndogo, na mikono imeshikana mapajani. "Mimi nimeishi na yule mtu wa kiatu kimoja. Nilikuwa namwita, haitikii. Nilikuwa nampikia mpishi chakula, hali. Kazi utapata nyingine. Yule mtu mimi simtaki tena nyumbani kwangu."

Bwana Chumvi alikaa. Hakujua kwamba mkewe aliogopa kiasi kile. Muda wote wa ugonjwa hakumwona akilia, akadhani hakulia.

Nesi aliisogeza pakiti katikati ya meza, isiwe ya huyu wala ya yule. "Tusirudishe kitu kwanza," alisema. "Dawa hizi haziachwi ghafla, mtu anaweza kuumwa upya. Hata kuacha, unaachishwa na daktari, kidogo kidogo. Hebu niambie unazimeza vipi."

"Asubuhi, nikifika kazini. Na kahawa."

"Umeshakula?"

"Nesi, mimi ni mpishi. Nakula kutwa nzima."

"Hata siku ile uliniambia hivyo," nesi alisema, "nikaridhika, nikajua huyu wa chakula hana shida."

Hapo ndipo mkewe alipoanza kucheka. Alicheka na machozi bado yako machoni, akajifunika mdomo kwa kiganja. "Anakula! Nesi, huyu hali. Huyu anaonja!"

Na ndivyo ilivyokuwa. Mpishi aliyemfunza kazi Bwana Chumvi alimwachia sheria moja, kwamba mpishi akishiba ulimi wake unalala. Kwa hiyo tangu ujana wake hakuwahi kula kabla ya mfanyakazi wa mwisho kuondoka na sinia yake, na wakati huo jua limeshaanza kushuka. Mpaka saa hiyo alipitisha ulimini ncha ya kijiko hapa, tone la mchuzi pale, punje mbili za wali, na ukimuuliza atakuapia kwamba amekula. Wapishi wengi wako hivyo. Akili yake ilihesabu kuonja kuwa ni kula, na haikumjia hata siku moja kwamba tumbo lina mawazo yake.

Alipokwisha kueleza, nesi alikuwa ameivua miwani. "Yaani kidonge kinatua kwenye tumbo tupu. Juu yake kahawa kavu. Halafu?"

"Halafu kijiko cha mchuzi," alisema Bwana Chumvi, na sauti ikaanza kumpungukia. "Kuangalia pilipili."

"Baba yangu! Hata tumbo la lori lingekataa."

Wakacheka wote watatu, na muuza dawa wa chumba cha pili akachungulia kuona kuna nini.

Nesi alimpa maneno machache, akamfanya ayarudie. Ale kwanza, chakula chepesi, mkate au kiazi cha kuchemsha au ndizi, ndipo ameze. Kahawa ipumzike kwa sasa, maji anywe mara kwa mara, akitaka atie kipande cha tangawizi. Ale kidogo kidogo asisubiri njaa imshike, na vya kukaanga na pilipili aviweke mbali mpaka tumbo litulie. "Na lisipotulia, usivumilie kimya kimya. Rudi. Daktari anaweza kukuhamishia dawa iwe jioni, au kuibadili. Njia ziko nyingi, mpishi. Hii ni ya kwanza tu."

Mkewe ndiye aliyeichukua pakiti mezani. Walitembea mpaka penye duka la vitambaa.

"Asante," alisema Bwana Chumvi.

"Ya nini?"

"Ya kunivuta mkono siku ile."

"Bado unauma?"

"Bado."

"Vizuri," mkewe alisema, akaushika tena.

Kesho yake Bwana Chumvi alimweleza msimamizi kila kitu, na neno sonona alilitamka kwa kinywa chake mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya mtu wa kazini. Funguo ziliacha kuzunguka kidoleni. "Kwa hiyo si ugonjwa wa kuambukiza," alisema msimamizi. "Na dawa yake ni kula. Bwana wee, unafanya kazi kantini, kula!"

Dada Sinia alikuwa amesimama mlangoni na aliyasikia yote, wala hakuona haya. Alitoka, akarudi amebeba kiti cha mlinzi kichwani. Jiko lile halikuwahi kuwa na kiti. Alikiweka karibu na meza ya kukatia, akaweka sahani yenye kiazi cha kuchemsha na kipande cha mkate, akasimama na mikono kiunoni.

"Kaa."

"Sijawahi kula kabla ya watu, dada."

"Na mimi sijawahi kumwamuru mpishi. Leo wote tunajifunza."

Alikaa. Tonge la kwanza lilikuwa gumu kupita, si kwa kichefuchefu, bali kwa aibu, kama mtu anayekula kabla ya wageni wake. La pili lilikuwa rahisi. Alimaliza kiazi, akala mkate nusu, akameza kidonge kwa maji. Kisha akainuka, akakata vitunguu, akawasha moto.

Vitunguu vikaingia kwenye mafuta. Bwana Chumvi alisimama na mwiko mkononi akisubiri. Tumbo lilijisogeza, likajigeuza kama paka anayetafuta mkao, likalala. Dada Sinia alikuwa ameshika mlango wa nyuma wazi, tayari kumpisha. Baada ya muda akaufunga.

Siyo kwamba mambo yalinyooka siku hiyo hiyo. Siku nyingine kichefuchefu kilirudi, akanywa maji yake ya tangawizi, akakaa kwenye kiti cha mlinzi mpaka kikapita. Lakini mitungi ya gesi haikumwona tena, na wiki ya msimamizi ikaisha bila mtu kuikumbuka.

Kilichomtia hofu sasa ni ulimi. Ameshiba, chungu kinachemka, na hajui kama ulimi uliolala unasema kweli. Akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alichota mchuzi kwa kijiko, akampa Dada Sinia.

Dada Sinia alikausha mikono kwanza. Alionja, akafumba macho, akaonja tena. "Kidogo bado," alisema.

Bwana Chumvi akaongeza chumvi kidogo.

Mchana mafundi walipanga foleni, wakapakuliwa, wakakaa. Fundi wa breki alikula matonge kadhaa, kisha akanyoosha mkono. Bwana Chumvi aliacha kupakua. Mkono ukalipita kopo la chumvi, ukachukua jagi la maji. Fundi akajimiminia, akanywa, akaendelea kula huku akibishana na mwenzake habari za mpira.

Bwana Chumvi aligeukia ukutani, akajifanya anatafuta kifuniko. Alikuwa anashukuru. Alimshukuru Mungu, na mkewe, na nesi wa miwani ya uzi, na hata kile kidonge kidogo alichotaka kukirudisha. Alipogeuka, Dada Sinia alikuwa kwenye sinki, povu hadi viwikoni, anaimba vibaya kama kawaida.

"Dada, hivi wewe unakulaga saa ngapi?"

"Mimi? Ukishakula wewe, nikishaosha."

"Siku zote?"

"Siku zote, kaka. Kwani nani alianza?"

Asubuhi iliyofuata Dada Sinia alipoingia, viti vilikuwa viwili. Cha pili kilikuwa kimetoka ofisini kwa msimamizi, ambaye bado hakujua. Mezani palikuwa na sahani mbili, viazi vinatoa mvuke, na mkate umekatwa vipande vinene. Alisimama akitazama kiti, akatazama mlango, kama kuna mtu mwingine aliyekuwa anakuja.

"Sinia za jana bado hazijapangwa," alisema.

"Zitapangwa."

Dada Sinia alikaa ukingoni mwa kiti, akanyamaza kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe. Bwana Chumvi alimsogezea mkate, akamimina chai vikombe viwili. Kwenye ubao, vitunguu vilikuwa bado vina maganda yake.