Mahali Alipokula Mume Wangu

Mkahawa wetu uko juu ya rasi, mahali ambapo nchi kavu imechongoka na kuingia baharini kama kiwiko. Ukikaa meza yoyote unaona maji pande tatu. Wageni wakishuka garini huwa hawaniangalii mimi wala jiko. Wanasema "Aaa!" wanatoa simu, wanapiga picha, ndipo wanakumbuka kwamba wana njaa. Watu wa hapa wananiita Mama Upepo. Nililipenda jina hilo. Sikuwahi kujiuliza kwa nini hawakuniita Mama Samaki.

Mume wangu alikuwa dereva wa watalii. Wenzake walimwita Taratibu, kwa sababu kwenye ule mteremko wa rasi aliendesha kama mtu aliyepakia mayai. Yeye ndiye aliyeniletea wageni wa kwanza, na madereva wengine wakafuata. Kwenye kazi hii dereva anayeleta wageni halipi chakula. Tunaiita sahani ya dereva. Mimi niliwapakulia madereva kipande kikubwa kuliko cha mgeni, na wao wote walikuwa na neno moja: "Nifungie, shemeji. Nitakula njiani." Nikawa nafunga. Nikawa nawahurumia pia, watu wasiopata hata nafasi ya kuketi.

Taratibu alionja kila chungu kabla chakula hakijatoka jikoni. Nilimpa kijiko, akafumba macho, akasema, "Hapo umejipita mwenyewe." Nisipolisikia neno hilo sikupakua. Lakini sahani yake mwenyewe hakuwahi kuimaliza. Vijiko viwili vitatu, anaisogeza. "Nimeshiba kwa harufu, mke wangu." Nilidhani ni tumbo. Nikazidi kumpikia.

Alifariki mchana, siku yenye wageni wengi. Barafu ya kuhifadhia samaki ilikuwa imeniishia, nikampigia simu. "Baba, nipitie ghala la barafu, tafadhali usichelewe, samaki wataniharibikia." Aliyekuja kunipa habari ni rafiki yake, dereva tunayemwita Breki kwa jinsi anavyosimamisha gari kwa kishindo. Alisimama mlangoni na kofia mkononi. Alisema Taratibu ameanguka pale ghalani, ni moyo, alikuwa na gunia la barafu begani.

Begani. Neno hilo nililala nalo na kuamka nalo. Mwanamume wa umri ule, mwenye mgongo mbovu, nimemtuma abebe gunia, na juu yake nimemhimiza. Msibani watu waliniambia ni kazi ya Mungu, nami niliitikia, lakini moyoni nilijua ni nani aliyepiga ile simu.

Binti yetu ameolewa mbali. Alipokuwa anafunga begi lake kurudi kwake alisema, "Mama, njoo tukae wote. Nina chumba. Huo mkahawa ufunge tu."

"Baba yako alikuwa anasema mkono wangu haufai kulala."

"Baba alikuwa anasema mengi."

"Una maana gani?"

"Sina maana, mama. Fikiria, halafu nipe jibu."

Nilisema nitafikiria, lakini sikuwa na la kufikiria. Mtu amekufa akinifuatia barafu, nami nilifunge jiko alilolifia? Chakula changu kilikuwa na mtu mmoja aliyekiamini kuliko mimi mwenyewe. Nilibaki kwa ajili yake. Niliwasha moto, nikapika, na kwa kuwa hapakuwa na wa kumpa kijiko, nilipakua kwa kubahatisha.

Barafu ikawa inaletwa na Breki. Siku moja alishusha wageni wake, akachukua sahani yake iliyofungwa, akaniambia, "Nakimbia gereji mara moja, shemeji, breki zinapiga kelele."

"Breki kaharibikiwa breki?"

"Ndiyo hivyo, hata daktari huugua." Akacheka, akaondoka. Barafu alikuwa amesahau. Nilipofunua sanduku nikakuta maji matupu na samaki wanaelea humo kama wamefufuka. Nikamwachia msaidizi wangu wageni, nikateremka kwa miguu.

Kwenye ghala la barafu sikuwahi kufika maisha yangu yote ya ndoa. Mume wangu hakutaka. Alisema wapakiaji wa kule wana midomo michafu na sakafu inateleza, si mahali pangu. Nilikuta sakafu ya kawaida na wapakiaji walioniamkia kwa adabu. Nikawaomba gunia, wakasema subiri kidogo, mashine inamalizia. Nikasimama. Ndipo ikanijia harufu ya kitunguu kinachokaangwa, na vicheko.

Nyuma ya ghala kuna banda la mabati. Hakuna bahari hapo. Mbele ya mabenchi kuna ukuta wa matofali usiopakwa rangi na mashine ya kugandishia inayonguruma. Juu ya mabenchi, migongo imenigeukia, walikuwa wamekaa madereva. Mashati yao niliyajua yote, kwa maana yote niliyaona asubuhi ileile yakipokea chakula changu. Breki alikuwa katikati, shavu limejaa. Miguuni pake kulikuwa na kopo langu la kufungia, limefunguliwa, na paka alikuwa anakula humo. Alimaliza samaki, wali akauacha.

"Shemeji!" Breki alisimama haraka mpaka benchi likainuka upande wa pili. "Barafu... barafu ni mlango wa mbele."

"Barafu nimeiona. Gereji ndiyo siioni."

Hakuna aliyecheka. Mwanamke mnene aliyefunga kitambaa kichwani alitoka mekoni, anafuta mikono. Huyo ndiye wanayemwita Mama Barafu. Aliniangalia, akawaangalia wao, akaelewa.

"Wewe ni mke wa Taratibu," alisema. "Pole sana, dada. Mazishini tulikuja. Tulisimama nyuma kabisa."

"Mlikuja kama nani?"

"Kama watu wake."

Walisogea, wakanipa nafasi kila benchi, isipokuwa pembe moja iliyo karibu na meko. Pale palikuwa na mto wa kukalia, wa kitambaa cha bluu chenye mshono wa msalaba katikati. Mshono huo ni wa mkono wangu. Nilimshonea kwa ajili ya mgongo wake, na aliniambia umeibiwa garini.

"Hapo hakai mtu bado," Mama Barafu alisema kwa sauti ya chini.

Nikaketi hapo hapo.

"Alikuwa anakuja mara ngapi?"

Mama Barafu aliwaangalia madereva, kila mmoja akaangalia sahani yake. "Kila siku, dada."

Nilipokuwa natembea kuelekea benchi lile nilikuwa nimeshajiandaa kwa kitu kingine. Nilimtazama mwanamke yule kifua, mikono, nikatafuta kitu cha kuchukia. Naandika ukweli: ningekuta ni mambo ya mapenzi, ningelia, ningetukana, na jioni ningekuwa nimemaliza. Lakini mume wake alikuwa palepale anachanja kuni, akanisalimia. Taratibu hakuja pale kwa mwanamke. Alikuja kula.

"Alikuwa anapenda nini?"

"Chochote kilichopo. Taratibu hakuwa mchaguzi."

Hakuwa mchaguzi. "Nipakulie alichokula siku ya mwisho."

"Dada..."

"Nipakulie."

Alileta wali, samaki na mchuzi kwenye sahani ya bati. Nilikula. Kilikuwa kitamu. Naomba nisitafute maneno mengine. Samaki alibanduka vipande vipande vyenye maji yake, mchuzi ulikuwa mwepesi na mtulivu, na nilijikuta nimefika katikati ya sahani kabla sijakumbuka kwamba nimekuja kwa hasira.

"Kabla hajabeba gunia alikula hiki?"

"Gunia gani?" aliuliza Mama Barafu.

Breki aliweka kijiko chini. "Mama Barafu, acha."

"Gunia gani? Taratibu hakubeba gunia. Simu ililia, akasema, 'Mke wangu anataka barafu, niongezee mchuzi nimalize niende.' Nikageuka kuchota. Nilipogeuka tena alikuwa amelala mezani kama mtu aliyesinzia."

Mashine ilikuwa inanguruma. Nilimwangalia Breki mpaka naye akaniangalia.

"Nilitaka uwe na kitu cha heshima, shemeji," alisema. "Ningekwambiaje? Kwamba amefia kwenye sahani ya jirani?"

"Umenipa gunia nilibebe mimi."

Nikamgeukia Mama Barafu. "Kuhusu chakula changu alikuwa anasema nini?"

Alifikiria kwa muda, na kufikiria kwake ndiko kulikoniuma. "Hakuwahi kukusema vibaya," alisema mwishowe. "Alikuwa anasema kwako kunapendeza. Kuna upepo mzuri."

Wapakiaji wawili walinipandishia barafu. Nyuma yao, nikipanda mteremko, nilimpigia binti yangu.

"Ulijua baba yako alikuwa anakula wapi?"

Nilisikia redio ya nyumbani kwake.

"Mama, mimi pia nilikuwa nakula huko. Nikitoka shule alinipitisha. Alisema nisikwambie, utaumia."

"Na wewe."

"Nilikuwa mtoto. Halafu nikawa mkubwa, nikaona nimechelewa kusema. Ndiyo maana nilikuambia ufunge. Sikutaka ubaki pale unapikia mtu ambaye... Utakuja?"

"Siji."

"Mama, usifanye kwa hasira."

"Nikifunga leo nitakuwa nimepika maisha yangu yote bila mtu hata mmoja kuniambia kosa langu. Nyinyi mmenificha. Sitaki na mimi nijifiche chumbani kwako."

Alianza kulia. Sikuwa na machozi ya kumsaidia. Nikakata simu.

Breki alirudi kuchukua wageni wake. Alipaki mbali, akaja akikanyaga kama mwizi. Nilikuwa nimemtengea meza ya ndani, ya jikoni, isiyo na dirisha. Sahani ilikuwa imeshapakuliwa.

"Leo hakuna kufungiwa," nilisema. "Kaa."

"Shemeji, nimeshiba."

"Najua umeshiba, na najua wapi. Kaa."

Aliketi. Alikula kijiko cha kwanza akitafuna polepole, akatafuta bahari kwa macho, akakuta ukuta. "Nzuri," alisema.

"Breki."

"Nzuri, shemeji, kwa kweli."

"Humu ndani umebaki wewe tu wa kuniambia. Ukinidanganya tena usinipitie barafu wala usinijue."

Aliusukuma wali kwa ncha ya kijiko. Jasho lilimtoka kana kwamba anahojiwa polisi. "Samaki mkavu," alisema kwa sauti ndogo. "Unamwacha motoni mpaka anakuwa kama ubao. Na mchuzi... chumvi unaitia mwanzo, halafu unaitia tena mwisho. Viazi vina ladha ya mafuta ya jana." Alivuta pumzi. Nilimwona amepata kasi, kama gari lililofika mteremkoni. "Na wali, shemeji, wali wako ukigeuza sahani hauanguki."

Nje, mgeni mmoja aliyekuwa ukingoni mwa kibaraza aliniona mlangoni, akanyanyua kidole gumba. "Mama! Chakula kitamu sana!" Sahani yake ilikuwa nyuma yake, haijaguswa kwa muda, nzi wameshaijua. Nikamshukuru. Nikarudi ndani.

"Na wengine wote wanajua haya? Hivi hivi, moja baada ya lingine?"

"Wanajua."

"Mmeyatoa wapi? Nyinyi chakula changu mnawapa paka."

Breki alifuta uso kwa kiganja. Aliniangalia kwa huruma, na ilikuwa mara ya kwanza sikuipenda huruma ya mtu.

"Mumeo ndiye aliyekuwa anatuambia," alisema. "Akikaa pale kwa Mama Barafu, kabla hajaanza kula, anatueleza. 'Leo samaki ameungua upande mmoja. Leo angepunguza chumvi kidogo tu, angemshinda kila mtu.' Kila siku, shemeji. Alikuwa anajua kila kitu. Tukimwambia basi mwambie mwenyewe, anasema atakayekwambia asimjue tena. Anasema ukimpa kijiko ukasubiri jibu lake unakuwa na uso wa msichana."

Kwa hiyo alijua. Kila kijiko nilichompa alijua kilichokosekana, na dawa yake alikuwa nayo mdomoni, akaibeba mpaka chini mteremkoni akawapa wanaume waliokuwa na chakula kizuri mbele yao. Mimi akaniachia sifa. Sasa yuko ardhini na siwezi kumuuliza hata jambo dogo, kwamba hiyo chumvi kidogo ni kiasi gani.

"Niendelee kula?" Breki aliuliza.

"Acha."

Aliondoka kukusanya wageni wake. Msaidizi wangu alikuja kuniambia kuna gari lingine limefika, wamejaa, wameshaanza kupiga picha, na kuna samaki motoni. Nikaenda mekoni. Nikainama, nikawatazama. Sikujua kama wameiva.