Bi Mnong'ono Hatoki Kisandukuni

Haya yote ni kweli tupu, naapa kwa meno yangu sita yaliyobaki. Jioni ile maneno yalipozaliwa nilikuwa nimeketi safu ya tatu, kiti cha saba, na nilisikia kila kitu kwa masikio yangu mwenyewe. Atakayenikamata na uongo hata mmoja humu nitampikia chai na kumpelekea kila siku, mpaka mmoja wetu achoke.

Basi. Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, siku ya kumi na moja tangu Bi Mnong'ono azikwe. Binti yake alikuwa jikoni akipiga pasi gauni la kijani la kuvaa mchana. Binti huyu ni mwalimu wa shule ya msingi, na mtaa mzima unamwita Mwalimu, hata shemeji zake. Alipoligeuza gauni, sauti ndogo ikatoka chini ya meza.

"Kola."

"Nimeiona, Mama," Mwalimu akasema, akairudia kola.

Ilikuwa hivyo tangu walipotoka makaburini. Mtu akisahau chumvi, sauti ilisema chumvi. Shemeji mkubwa alisimama kuwashukuru wageni, akakwama katikati, akamaliziwa. Hakuna aliyeshtuka. Marehemu alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka thelathini na miwili, na wangeshangaa zaidi kama angeiacha ghafla.

Kazi yenyewe ilikuwa kukumbusha. Katika ukumbi wa maigizo, mbele kabisa ya jukwaa, kuna kisanduku cha mbao kilichozama sakafuni, kipana kama kabati la viatu. Humo aliketi juu ya mto, magoti yamekunjwa, kitabu mapajani, akiwanong'oneza waigizaji maneno yaliyowatoka. Watazamaji hawakumwona wala kumsikia.

"Siku wakinisikia," alikuwa akisema, "mjue nimeharibu."

Kundi la waigizaji hao lilizunguka miji kumi na tisa, naye aliizunguka yote akiwa amekunja magoti. Alipostaafu alirudi kuitazama upya akiwa amesimama. Alibeba sanduku dogo na mto wake, na kila aliposhuka garini aliuliza kwanza maigizo yanachezwa wapi, ndipo akauliza pa kulala. Mpakani, ofisa mmoja alimwuliza anasafiri kwa shughuli gani. "Nakwenda kuona watu wanaojua maneno yao," alijibu. "Nyumbani nimewakosa." Mjukuu wake, Kitinda, alipokea kadi kutoka kila mji, na kila kadi ilieleza viatu tu, kwa kuwa bibi huyu aliwajua waigizaji kuanzia chini.

Sasa, zamani bado yuko kazini, katika mmoja wa miji hiyo kurasa za sehemu ya tatu ya mchezo zilisahaulika nyumba ya wageni. Mwigizaji mkuu, ambaye kwa sauti yake aliitwa Ngurumo, alisimama jukwaani akiwa mwenye nyumba anayefukuzwa, akafungua mdomo, na ndani hamkuwa na kitu. Akatazama kisandukuni. Mle namo hamkuwa na kurasa. Bi Mnong'ono akavuta pumzi, akatunga palepale, na Ngurumo akarudia neno kwa neno:

"Chukueni nyumba. Chukueni na mlango. Mimi nitasimama pale mlango ulipokuwa, na mtapita kwa ruhusa yangu."

Watu walisimama wakapiga makofi mpaka taa moja ikakatika. Mvuta pazia, aliyekuwa hatua nne kutoka kisandukuni, alijua maneno yametoka wapi. Alivuta kamba, akafunga pazia, na mdomo wake akaufunga hivyohivyo.

Ngurumo alipewa nishani, kisha akapewa ukumbi wote auongoze. Maneno yale yalichongwa kwenye bamba la shaba mlangoni, na chini yake: *Maneno ya Ngurumo.* Bi Mnong'ono alipita mbele ya bamba hilo kila siku ya kazi. Alilifuta vumbi kwa kiwiko, akaingia.

Mwalimu hakutaka kingine. Alitaka jina la mama yake kwenye bamba, na mchana huo, kwenye kumbukumbu ya marehemu, alikuwa anakwenda kulidai mbele ya watu.

Saa kumi ukumbi ulijaa. Ngurumo alipanda jukwaani na karatasi yake. Alisema marehemu alikuwa mama mpole, mtu wa nyumbani, mwenye mkono mzuri wa chai.

"Wa nyumbani?" Kitinda akamnong'oneza mama yake. "Miji kumi na tisa?"

"Tulia. Zamu yangu inakuja."

Ngurumo akageuza ukurasa. Ukurasa wa pili haukuwepo. Alikuwa ameuacha mezani ofisini. Akafanya alichokifanya maisha yake yote: akainamisha macho kisandukuni, akangoja.

Safari hii hata watu wa nyuma walisikia.

"Maneno yale hayakuwa yangu."

Ngurumo akaweka mkono kifuani. "Maneno yale," akaunguruma, "hayakuwa yangu!"

"Niliyaokota miguuni pangu, yakiwa bado ya moto."

"Niliyaokota miguuni pangu! Yakiwa bado... ya moto!"

"Nikayavaa kama koti, na sikuuliza koti ni la nani. Ni la mwanamke aliyeketi humu."

Aliyasema yote. Hakuweza kuyaacha. Mtu uliyemlisha miaka thelathini na miwili hatemi, humeza kwanza ndipo aonje. Alipofika neno la mwisho shavu lake lilikuwa limelowa, na watu mia tatu walikuwa wamesimama, wanapiga makofi. Ngurumo akainama mara moja, akainama tena, akarudi kuinama mara ya tatu.

Mwalimu hakuona haja ya kusema lake. Lilikuwa limeshasemwa, tena kwa sauti kubwa kuliko yake.

Jumatatu magazeti yaliandika kwamba Ngurumo bado ni yuleyule, na kwamba hakuna mwigizaji mwingine nchini anayeweza kuigiza majuto kiasi kile. Mwalimu alikwenda ofisini kwake na bisibisi ndani ya mkoba.

"Mzee, ulikiri mwenyewe mbele ya watu."

"Mwanangu," Ngurumo akasema kwa upole, "ile ilikuwa jukwaani."

"Na nishani ulipewa kwa maneno ya wapi? Ya jikoni?"

Ngurumo akacheka, kwani alipenda watu wenye majibu. "Kuna kamati. Na bamba limefungwa kwa skrubu nne."

Mwalimu akaiweka bisibisi mezani. Ngurumo akasema kamati itakaa.

Kamati haijakaa hadi leo. Aliyekaa ni Bi Mnong'ono. Tangu siku ile hasikiki nyumbani. Chumvi ikisahaulika watu wanakula hivyohivyo. Yuko kazini. Ukumbi umeajiri wakumbushaji watatu, na kila mmoja ameingia kisandukuni, akatoka, akaeleza kwa adabu kwamba nafasi ina mtu. Na kila mwigizaji anayefika kwenye maneno ya mlango humalizia, apende asipende: "Maneno ya Bi Mnong'ono." Ngurumo ameyafuta kitabuni kwa wino mwekundu. Waigizaji wanasema hawayasomi kitabuni.

Bamba liko palepale. Watu hulisoma wakiingia, kisha ndani husikia vingine, na wakitoka hulisoma tena. Mwalimu hupita kila Jumamosi na Kitinda, bisibisi mkobani. Hulifuta vumbi kwa kiwiko.

Hapo ndipo nilipotaka kuishia. Lakini nilimpa Kitinda, anayeniita Babu kama wazee wote wa mtaa, asome kwanza, na kile kitoto kina macho ya bibi yake.

"Babu, ulikaa safu ya tatu?"

"Kiti cha saba."

"Bibi alisema safu ya kwanza yenyewe ilikuwa haimsikii. Alisema wakimsikia ameharibu. Jioni ile aliharibu?"

"Bibi yako? Hata siku moja!"

"Basi wewe ulimsikiaje?"

Nikakohoa. Kikohozi kizuri, cha kitaalamu.

"Aliyekuwa karibu ni mvuta pazia tu," akasema. "Onyesha viganja, Babu."

Kamba ya pazia ikikaa mikononi miaka thelathini huacha mtaro ambao sabuni haiuondoi. Nikaonyesha.

"Ulijua. Na ukanyamaza."

"Nilijua. Nikanyamaza."

Hakugomba. Akanirudishia karatasi zangu. "Chai nataka ipelekwe. Lakini si kwangu."

Kwa hiyo kila siku, saa kumi, naingia kwa mlango wa nyuma na kikombe. Napiga magoti, na magoti hayanishukuru. Naweka kikombe ndani ya kisanduku, nangoja, nakichukua kitupu. Siku ya kwanza nilianza kuomba radhi, nikakwama katikati. Hakunimalizia.

Jana nilisahau sukari. Hiyo nilikumbushwa.