Jina Hupewa

Goreth alikuwa na mtoto mmoja tu, na kwa miaka miwili hakumwita jina lolote. Haki ya Mungu! Tangu mwanawe Fiacre alipovaa gauni na kusema yeye ni binti, mama alimwita "wewe", basi. Wewe leta chumvi. Wewe zima taa. Chumba chao pale La Rochelle, Johannesburg, kilikuwa nusu cherehani ya mama, nusu saluni ya binti, na wateja wa Kizulu, kwa kusikia hivyo kutwa kucha, wakaongeza "sisi", yaani dada kwa lugha yao, wakawa wanauliza mlangoni, "Sisi Wewe yupo? Nataka anisuke."

Binti mwenyewe alijiita Chloé, na kwa kuwa alikuwa ameshapata uraia wa hapa, sasa alitaka jina hilo liingie kwenye kitambulisho. Lakini kilichomkosesha usingizi si kitambulisho. Alitaka mama yake amwite, hata mara moja, hata kwa kumgombeza.

"Hilo Chloé amekupa nani?" mama aliuliza, pini mdomoni.

"Nimejipa."

"Ehee! Na kuzaliwa ulijizaa? Gauni nimekushonea mimi mwenyewe, nilisema kitu? Lakini jina hupewa, mtu hajiokotei kama nyanya sokoni."

"Basi nipe."

"Jina haliagizwi kama chipsi. Linakuja lenyewe na sababu yake."

Na kweli, kwao Burundi jirani akikusengenya huna haja ya kupigana naye. Unampa mtoto wako jina la kumjibu, halafu unaliita kwa sauti kila jirani anapopita. Baba yake Goreth aligombania mpaka wa shamba maisha yake yote, na ugomvi wote aliumaliza kwa majina ya watoto.

Siku ya kwenda ofisi ya vitambulisho mama akajitokeza na kigoda chake cha kukunja na chupa ya chai. "Nakusindikiza tu," alisema. "Sijakubali kitu."

Wakapanga foleni. Na nyuma yao akaja nani? Marcelline wa kwaya, Mkongo wa watu, mdomo hauna breki.

"Goreth! Huyu si Fiacre? Jamani, kanisani wanasema mengi! Wanasema amelogwa. Wanasema ni hii Joburg. Wanasema ulitamani binti ukiwa na mimba, ndiyo haya. Mimi sisemi, wao ndio wanasema."

Mama alikunja kigoda chake taratibu. Chloé akamwona anafunga na chupa ya chai. Leo mama atarudi nyumbani na aibu, akawaza, na mimi nitakuwa "wewe" mpaka kaburini.

Wakafika dirishani. "Jina jipya?" karani akauliza.

"Chloé," akasema kwa sauti ndogo.

Mama akamsukuma kwa kiwiko. "Na Bavugamenshi! Andika, dada, nitakutajia herufi." Akazitaja moja moja, kama mhubiri wa stendi.

"Eish! Lina maana gani?"

Mama hakumtazama karani. Aligeuka, akaitazama foleni, akayatua macho kwa Marcelline. "Wanasema Mengi! Ndiyo maana yake kwa Kirundi. Limekuja lenyewe, asubuhi hii hii."

Karani alicheka mpaka akashika meza. Marcelline akaanza kutafuta kitu kwenye mkoba, na sijui kama alikipata. Chloé yeye hakucheka. Alilia, wanja ukamshuka mpaka shingoni. Jina refu, la ugomvi, lakini ni mama aliyempa.

Walipokuwa wanavuka barabara kwenye robot, yaani taa za barabarani, magari yamesimama, mama akabaki nyuma na kigoda chake.

"Bavugamenshi!"

"Abee, mama!"

Miaka yote mtoto huyu alikuwa akiitika "naam", kama wavulana wote walivyofundishwa kule Kigoma walikokaa ukimbizini. Mama akasimama palepale katikati ya barabara. Taa ikawa kijani, madereva wakaanza kupiga honi na kutukana.

"Mama, magari! Unasemaje?"

"Sina neno," mama akasema, anajifuta macho kwa kanga. "Itika tena."