Mama Bénita Bila Bénita

Choo nilikuwa nacho. Uzio wa mawe ya volkano nilikuwa nao, tena mrefu kunizidi. Kadi za chanjo za watoto wote kumi na mmoja ninaowalea zilikuwa kwenye mfuko wa plastiki, zimepangwa vizuri kuliko nguo zangu. Kwa hiyo Papa Julien, mkaguzi wa ofisi ya serikali, alipokuja nyumbani kwangu Ndosho kwa mara ya tatu, nilijua leo ama napata cheti cha kulea watoto, ama nagombana na mtu.

Tulikuwa tumetangaziwa: kila mama anayelea watoto wa watu nyumbani awe na cheti ifikapo Ijumaa, asiye nacho afunge. Hiyo ilikuwa Jumanne. Nikifunga, kina mama wanaouza sokoni watawapeleka wapi watoto wao? Watawabeba mgongoni katikati ya pikipiki za sokoni Birere, au watawafungia ndani na kufuli. Nimeyaona yote mawili na yalinitosha.

Papa Julien alitikisa mlango wa choo, akapima kwa macho umbali kati ya makaa na mkeka wa watoto. Kisha akaketi kwenye kiti kidogo cha watoto, magoti yakamfika kidevuni, akafungua faili.

"Mama, iko tatizo moja," akasema. "Attestation, hii barua ya chef wa quartier, inasema Mama Bénita. Kwa carte yako ya kitambulisho banaandika Kahindo Thérèse. Huyu Mama Bénita ni nani?"

"Ni mimi, Papa."

Nilitaka kucheka. Muzee Ndagijimana, chef wetu wa mtaa, ananijua miaka mingi na hajawahi hata siku moja kuniita Kahindo. Kwetu mwanamke mzima huitwa kwa jina la mtoto wake. Kumwita kwa jina lake mwenyewe ni kama kumvua kitenge barabarani. Mzee alipoombwa aandike kwamba mimi ni mtu wa tabia njema, aliandika kwa heshima zake zote. Heshima hiyo ndiyo iliyoniponza.

"Na huyo Bénita iko wapi? Simuone kwa liste."

"Iko Bukavu."

"Ni mutoto wako wa kuzaa?"

Mimi sikujaliwa kuzaa. Bénita aliletwa hapa akiwa na miezi tisa na mama yake, Charline, muuza vitenge, aliyesema anasafiri wiki mbili. Wiki mbili zile zilichukua miaka minne. Mtoto alikuwa na jina moja tu, Uwitonze. Jina la Bénita nilimpa mimi, na mtaa ukanipa mimi jina la Mama Bénita. Nilimfundisha kutembea juu ya mawe haya meusi bila kujichuna magoti. Halafu Charline akarudi, mnene, mwenye furaha, na zawadi ya sabuni. Nilimsuka mtoto nywele, nikamfunga viatu, wakapanda boti ya Bukavu. Mwaka wa pili huu. Mpaka leo nikipita kwa wauza viatu Birere napima kwa kiganja, nakisia mguu wake umefika wapi. Wauzaji wamenizoea, hawaniulizi kitu.

Namtamani mtoto yule. Sioni haya kusema. Kuna watu wanatamani nyama. Mimi natamani kuitwa na sauti moja tu.

"Nilimulea," nikamjibu Papa Julien.

"Basi haiko wako."

"Papa, muambie muzee aandike ingine, aweke Kahindo, tumalize!"

"Ataandika. Lakini mimi nilisha andika Bénita kwa rapport. Bakubwa bataniuliza: mutoto wa huyu mama alienda wapi? Kama ni wako, nipe acte ya naissance, karatasi ya kuzaliwa kwake. Kama haiko wako, tunafanya déclaration ya kusema haiko wako, unasinya, inaisha."

Nikachukua simu, nikampigia Charline pale pale. Sijui nilitegemea nini. Labda nilitegemea kwamba jina la Bénita nililompa limeandikwa mahali fulani, na mhuri juu yake.

"Acte iko," Charline akasema, "lakini ni ya Uwitonze tu. Bénita tuliiachaka, dada. Hata yeye mwenyewe, ukimuita ivyo, hageuke."

Alisema kwa upole. Nikamshukuru, nikakata simu, nikaenda kuzima makaa ambayo hayakuwa yanamsumbua mtu.

Papa Julien alikuwa ameshaandika. Akanigeuzia karatasi: *Mimi, Kahindo Thérèse, natangaza kwamba sina mtoto anayeitwa Bénita.* Mstari mmoja tu. Nikausoma ule mstari mara tatu, hasira ikanipanda. Nikachukua kalamu na kuongeza neno moja, ikawa *sina tena*.

Alilisoma neno lile, akatikisa kichwa.

"Mama, ukiweka 'tena', bataelewa mutoto alikufa. Batauliza acte ya décès."

"Hakufa! Iko muzima, anakula vizuri, anasoma!"

"Ndiyo. Basi ondoa 'tena'."

Hakuwa mtu mbaya, ndiyo maana nilishindwa kumfukuza. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea, lakini katika faili lile lote hapakuwa na karatasi ya kazi hiyo. Mtoto aliyezaliwa ana karatasi yake. Aliyekufa ana yake. Uliyemlea akaondoka akiwa mzima huna pa kumwandika.

Nyuma yangu watoto kumi na mmoja walikuwa wanagombania mabakuli ya uji. Nikawatazama. Nikalikata neno *tena*, nikasaini.

Papa Julien akapiga mhuri mara mbili, kwa nguvu, kwenye karatasi ile na kwenye cheti changu, akasema, "Félicitations, mama!" Watoto waliposikia kishindo wakadhani ni mchezo, wakapiga makofi. Nami nikapiga makofi pamoja nao, machozi yakinitoka, na sikuweza kuyazuia.

Lévi, wa miaka mitatu, aliacha bakuli lake akaja kunishika kitenge. Kwake yeye mtu halii bure. Akilia, kuna aliyemchapa. Alimwangalia Papa Julien kwa jicho baya, kisha akaniangalia mimi.

"Mama Bénita, nani alikupiga?"

"Hakuna mutu, baba," nikamwambia. "Ni mimi mwenyewe."