Tiketi ya Siku Kumi na Nne

Mwaka ambao mabasi ya watu binafsi yalianza kufika Mbinga, vibanda vya tiketi viliota kando ya soko, vitatu kwa mpigo, kila kimoja na bei yake. Zamani lilikuwepo basi la serikali na bei moja. Mtu alikata tiketi, au alirudi nyumbani. Sasa ilibidi kuchagua, na Sixbert, mvuvi wa Kihagara, hakuwahi kuchagua nauli tangu azaliwe.

Alikuwa amepanda kutoka ziwani na lori la mihogo. Ndani ya shati, kwenye mfuko alioshonewa na mkewe, alikuwa na shilingi elfu arobaini na tano, thamani ya wavu wake mkubwa na magunia mawili ya usipa, dagaa wa kwao. Bintiye Edina alikuwa mgonjwa Dar es Salaam mwezi wa tano sasa, na barua ya mwisho haikuandikwa kwa mkono wake. Siku barua ilipofika, mkewe Ottilia aliisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono kwenye kanga, akasema, "Mlete angali anapumua."

Hakuna mtu wa mwambao ule ambaye angeuliza maana yake. Mwaka uliotangulia nyumba ya Mansuetus ilimleta kijana wao kwenye sanduku. Waliuza mtumbwi, wakauza ng'ombe wote wanne, na bado mwenye gari aliwafuata mpaka matangani. Mgonjwa aliyekaa kitini hulipa nauli ya kiti. Maiti hukodiwa gari zima. Jambo hilo halikusemwa kwa sauti, lakini kila aliyekuwa na mgonjwa mjini alikuwa amelipigia hesabu.

Kibanda cha tatu kilikuwa cha Nazari, karani mwembamba mwenye kalamu sikioni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nataka bei ya Dar, kwenda na kurudi."

"Wangapi?"

"Nakwenda mmoja, tunarudi wawili."

Nazari akacheka. "Kumbe unakwenda kuoa."

"Nakwenda kumchukua binti yangu. Anaumwa."

Nazari akaacha kucheka. Akavuta karatasi, akaandika polepole ili mzee afuate. "Ukikata moja moja ni safari tatu, elfu kumi kila moja. Thelathini. Ukikata ya miezi miwili, kwenda kwako, kurudi kwako na kiti cha mgonjwa, nakupa kwa ishirini na sita. Ya siku kumi na nne, ishirini na moja. Ila hiyo ikipitisha siku zake imekwisha."

"Gari ni lile lile?"

"Lile lile. Hata dereva ni yule yule."

"Na kiti?"

"Kiti hakijui umelipa ngapi, mzee wangu."

Sixbert hakukata hapo hapo. Alirudi kwenye vibanda viwili vya kwanza, akauliza upya, akaandika majibu nyuma ya ile barua. Kisha akakaa juu ya jiwe mbele ya duka la mbolea, akalinganisha. Elfu tano zilizokuwa kati ya tiketi fupi na tiketi ndefu ni sindano. Ni maziwa. Ni siku kadhaa za kula kwa watu.

Kuhusu zile siku kumi na nne, hakuzidharau. Alizielewa kama mtu wa ziwani. Yeye alisafiri kwa meli tangu ujana, na tiketi ya meli nayo iligongwa tarehe. Lakini meli iliharibika, au ilikosa mafuta, au ilichafukiwa na ziwa, na watu walilala gatini wiki nzima, hata tatu, na ilipotokea walipanda kwa tiketi zile zile. Hakuna aliyewahi kuambiwa tiketi yake imeoza. Kwake yeye tarehe ilikuwa siku ya kutumaini safari, na pesa ukishalipa, safari ni yako mpaka uisafiri.

Akarudi kwa Nazari, akahesabu elfu ishirini na moja.

"Siku kumi na nne umeelewa, mzee?"

"Nimeelewa."

Na maneno kweli aliyaelewa.

Edina alikuwa amepanga chumba Tandale, Dar, pamoja na Luisa, msichana wa Mapera, huko huko Mbinga, aliyeuza vitumbua. Sixbert alipoingia alimwona Luisa, akaona godoro na shuka juu yake, akauliza, "Edina yuko wapi?"

"Niko hapa, Baba," shuka ikasema.

Sixbert akakaa chini, akamwambia mama yake anamsalimu.

Siku za kwanza zilikwenda hospitali. Walipanga foleni tangu alfajiri, wakapewa vyeti vya dawa ambazo dirishani hazikuwepo, wakazinunua nje. Siku ya tisa homa ilipanda. Siku ya kumi na mbili Edina hakuweza kukaa hata kwa kushikiliwa, na kila alichomeza kilirudi. Luisa alizitoa tiketi chini ya redio, akazisogeza kwenye mwanga.

"Baba, hizi zinaisha keshokutwa."

"Keshokutwa hawezi kukaa kitini."

"Ndiyo nasema. Nenda ukawaambie mapema."

"Nimeshawalipa, mwanangu. Tutapanda akipata nguvu."

Luisa alimtazama, akazirudisha tiketi mahali pake. Alikuwa na vitumbua vya kuchoma na yeye pia alikuwa amechoka. Siku ya kumi na nne ilipita Edina akiwa hajitambui. Sixbert alikaa karibu naye akisikiliza pumzi, moja, kisha nyingine. Kila ilipokawia alikumbuka ng'ombe wa Mansuetus, akaona aibu kuwa amewakumbuka.

Siku ya kumi na sita Edina aliomba uji. Akaunywa nusu kikombe, ukakaa. Jioni alitolewa nje kwenye mkeka, akauliza kama usipa wameanza kupatikana.

"Wameanza."

"Nipeleke, Baba."

Asubuhi yake walikuwa kituo cha mabasi. Luisa aliwasindikiza, akamkalisha Edina juu ya begi, akaenda kazini akijifuta macho kwa mkono wenye unga. Sixbert akaingiza tiketi kwenye kidirisha. Karani alikuwa mama wa makamo aliyeitwa Gertruda. Alizisoma mbele, akazigeuza.

"Mzee, hizi zimekufa. Leo ya kumi na saba."

"Alikuwa hawezi kukaa. Leo anaweza. Yule pale."

Gertruda akachungulia, akamwona. "Pole sana."

"Basi tupande?"

"Hizi ni za bei ya chini, mzee. Siku zake zikipita, kiti kinauzwa. Nikikupandisha nazo, nauli inakatwa kwangu."

"Kwenye meli ingekuwa…" Sixbert akaanza, akaeleza habari ya gati na kungoja, taratibu, bila kugomba. Gertruda alimsikiliza mpaka mwisho, foleni ikinung'unika nyuma yake.

"Nakuamini," alisema. "Ila hii si meli. Una shilingi ngapi?"

"Kumi na moja elfu."

"Kiti kimoja mpaka Mbinga ni kumi."

"Nimpandishe yeye peke yake?"

"Mgonjwa wa namna ile hawampakii bila mtu wake. Akiwafia njiani watamkabidhi nani?"

Alisema kwa sauti ya chini, bila ubaya wowote. Sixbert akainama, akaenda alipokaa bintiye.

"Tiketi zimekataa," alimwambia.

Edina alifumba macho. "Nirudishe kwa Luisa. Wewe nenda, Baba. Mama yuko peke yake."

"Mama yako hakunituma nikajilete mwenyewe."

Alisimama pale kitambo, akifanya hesabu aliyokuwa hajaifanya Mbinga. Kisha akarudi kidirishani.

"Kwa elfu kumi, watu wawili wanafika wapi?"

Gertruda akatazama orodha ya bei iliyobandikwa ukutani, kidole kikipanda kutoka chini. "Iringa."

"Toka Iringa malori ya mbolea yanakwenda Songea?"

"Yanakwenda. Sijui kama yanapakia wagonjwa. Una mtu Iringa?"

"Sina."

"Kuna baridi sana, mzee, miezi hii."

"Kata wawili, mpaka Iringa."

Gertruda akakata. Sixbert akamwinua Edina kwapani. Alikuwa mwepesi kama alivyokuwa shule ya msingi. Kwenye ngazi za basi kondakta alisoma tiketi, akamtazama binti, akamtazama baba.

"Mnashuka Iringa? Nilidhani watu wa ziwani."

"Ndio," Sixbert akasema. "Tupishe tukae."

"Iringa ni nusu ya njia, Baba," Edina alinong'ona walipokwisha kukaa, kichwa chake kikiwa begani kwa mzee.

"Najua."

Alivua koti, akamfunika, akamfunga vifungo vyote mpaka shingoni, kisha akaweka kiganja chake juu ya kifua cha bintiye apate kuisikia pumzi basi likiwa mwendoni.