Kaburi la Muhsini Katika Nchi ya Wenyewe

Nchi ya Wenyewe ilijaaliwa rutuba ya ardhi na ukame wa nyoyo. Watu wake walipokutana na mtu wa sura ngeni, mwanamume mwenye kofia ya swala au mwanamke mwenye mtandio, hawakumtakia heri; salamu yao kwake ilikuwa swali: "Kwenu wapi?" Aliyejibu kwamba kwao ni papo hapo alichekwa, na aliyetaja nchi ya mbali aliambiwa arudi. Jibu la kuwaridhisha halikuwako, basi swali nalo halikukoma.

Katika mji mkuu, Takaburi, aliishi Muhsini, Mwislamu aliyefika mgongoni mwa mamake wakikimbia vita vya Fazaa. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mlinzi wa lango la bwawa. Mara nne aliomba uraia, na mara nne Mheshimiwa Inda, mkuu wa uraia na makaburi, alimjibu neno moja: "Subiri."

Masika ya mwaka mmoja mto ulifura, na lango likakwama. Watu wa bondeni walipanda mapaa wakipiga mayowe, "Muhsini! Muhsini!" Akashuka majini na nyundo, akaligonga lango hata likaachia. Maji yalipata njia, bonde likasalimika, naye yakamchukua. Asubuhi walimwopoa katika matete.

Tahira mkewe alimwosha, akamkafini. Waislamu wachache wa mji wakamswalia. Kisha Tahira akaenda kwa Inda kuomba kaburi.

"Makaburi ni ya raia," alisema Inda bila kuinua macho. "Isitoshe, ninyi maiti wenu mnawalaza ubavu, mkawaelekeza tusikokujua. Mpelekeni kwao."

"Mheshimiwa, mji alikozaliwa uliteketea, haukubaki hata ukuta. Nimpeleke wapi?"

"Hilo ni lenu."

Shauri likafika kwa Hakimu Upogo, na baraza likafurika watu. "Leo kaburi, kesho msikiti, keshokutwa nchi!" walipiga kelele, na aliyewashinda wote kwa sauti ni Bi Ghururi wa bondeni, ambaye pindo la gauni lake lilikuwa bado na tope la mafuriko.

Hakimu akatamka, "Baraza lina huruma. Mjane na avue mtandio mbele yetu, aikane kibla yake, ndipo mumewe azikwe kama watu."

Tahira alisimama.

"Kama watu! Juzi maji yalipowafika shingoni mlimwita mume wangu kwa jina, wala hapana aliyelikosea. Leo ni 'maiti wa wageni.' Amebadilika nini, ila kwamba hamna tena haja naye? Mtandio sivui, na kibla siikani. Kaburi nitalichimba mwenyewe, na anayetaka kunizuia anipige mchana kweupe, mbele ya hao aliowaokoa mume wangu."

Akatoka, akatwaa jembe, akaanza kuchimba makaburini, umati ukimzunguka. Inda akaamuru askari wamkamate. Askari mmoja, Insafu, aliweka rungu lake chini.

"Mama yangu anakaa bondeni, Mheshimiwa," alisema. "Yu hai."

Akalipokea jembe kwa Tahira, na wenzake hawakuthubutu kumgusa. Bi Ghururi alikunja pindo lake ndani ili tope lisionekane, akaondoka zake. Kabla ya magharibi Muhsini alilazwa ubavu wa kulia, uso wake kibla.

Habari zilienea hata nchi jirani, na Wenyewe wakasutwa kila walikokwenda. Mwaka wa pili, si kwa toba bali kwa kutafuta sifa, baraza lilimtangaza Muhsini kuwa raia wa heshima. Inda mwenyewe, na joho lake, alipeleka hati nyumbani kwa mjane.

"Imeandikwa jina la nani?" aliuliza Tahira.

"La marehemu, mama. Ni heshima kubwa."

"Mimi na majirani zangu tumekaa tukingoja uraia katika kibaraza cha ofisi yako tangu mwaka juzi, nasi tunapumua. Kumbe mtu hawi wenu mpaka afe?"

Akafunga mlango. Inda alibaki juani na hati mkononi, asijue ampe nani.