Saba Zilizokatwa Katikati

Korona ilipofunga shule, Evode alianza kufundisha hisabati kwa simu kutoka nyumbani kwake Gisenyi. Wanafunzi walipiga picha kurasa za daftari, wakamtumia. Hapo ndipo alipoanza kumshuku Isimbi, msichana wa Rubona aliyezoea kuwa wa kwanza darasani.

Darasani Isimbi aliandika namba saba kwa mstari mmoja wa haraka. Sasa kila saba ilikatwa katikati, na hesabu zilifuata njia za kizamani. Akiitwa kwenye kipindi, ulikuja ujumbe tu: "Maikrofoni imeharibika, Mwalimu." Kamera nayo, ati, imeharibika. Lakini jina lake halikukosekana kwenye mahudhurio hata siku moja.

"Kuna mtu anamfanyia," Evode alimwambia mkewe.

Akamtega. Alimwandikia: "Isimbi, ulikuwa unakaa dawati moja na nani?"

Jibu likaja: "Nimesahau, Mwalimu."

Watu waliporuhusiwa kutoka, alivaa barakoa akashuka Rubona asubuhi kwa miguu, maneno ya kumkaripia akiyapanga njiani.

Mlangoni alimkuta mama yake Isimbi, Mukamana, kwenye cherehani. Daftari lilikuwa mapajani. Alipomwona mgeni alilifunika kwa kitambaa.

"Mama, kazi za Isimbi anaandika nani?"

Mukamana alitazama chini. "Ni mi, Mwalimu. Nilisoma Goma mupaka mwaka wa ine ya sekondari. Mutoto iko mule ndani. Majuma tano hasemi, hakuli muzuri, anageukia ukuta tu. Niliogopa mutamufuta jina. Nikasema, siku ataamka, akute nafasi yake ingali iko."

Maneno yote ya njiani yalimpotea Evode. Aliomba kiti, akakaa nje ya mlango wa chumba.

"Isimbi, sikuja kwa ajili ya hesabu. Unapata usingizi?"

Alisogeza kiti karibu na mlango. Pengine, aliwaza, naye ananishuku.

"Sipati," sauti ikaja hatimaye. "Mwalimu, zile sura kwenye simu... naonaka kama watu walishakufa, zikabakia picha."

Kesho yake Evode alirudi na muuguzi wa kituo cha afya, mama mpole aliyeongea na Isimbi peke yao mpaka adhuhuri. Akawa anakuja kila juma. Hata hivyo kupona kulichukua miezi, na Isimbi aliurudia mwaka wa masomo.

Tangu hapo, Evode aliipitia orodha ya wanafunzi wake upya kila jioni. Majina yote yalikuwapo. Alichagua moja lililonyamaza muda mrefu, akapiga simu kuuliza kama mwenyewe anapata usingizi.